Mada na Sherehe Katika Darasa la Awali: Maswali Ninayoulizwa Kila Muhula

Nafundisha darasa la awali wilayani Muheza, mkoani Tanga. Maswali haya nimeyaokota kwa walimu wenzangu, kwa wazazi wanaonisimamisha getini asubuhi, na kwenye vikao vya shule. Nimeyapa namba. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, nitakuelekeza huko badala ya kulirudia.

## Misingi

1. Kufundisha kwa mada ni nini hasa?

Ni kuchukua kitu kimoja ambacho watoto wanakijua, kama mvua, soko, kuku au mwili wangu, na kukipitisha katika vipindi vyote vya wiki. Ikiwa ni wiki ya kuku, hadithi ni ya kuku, tunachohesabu ni mayai, tunachobandika ni manyoya, na kipindi cha afya kinahusu kunawa mikono baada ya kumshika kuku.

Mtoto wa miaka mitano bado hajaigawa dunia kwa masomo. Kwake kuku ni kuku tu: ana miguu miwili, anataga, anadonoa akiwa na vifaranga, na Jumapili huenda akawa kitoweo. Ukimfundisha kuhesabu leo kwa vijiti, kesho ukamfundisha sauti za herufi kwa picha ya ndege asiyewahi kumwona, keshokutwa ukamwimbisha wimbo wa treni, kila siku anaanza upya. Mada inampunguzia mzigo huo.

2. Mtaala unaruhusu, au najitungia mambo yangu?

Unaruhusu. Mtaala wa awali ulioanza kutumika Januari 2024, kama ule wa 2016 kabla yake, umejengwa juu ya umahiri: mtoto awasiliane, ahusiane vizuri na wenzake, atunze afya yake na mazingira, aanze kuhesabu. Umahiri huo unaweza kuufundisha kwa chungwa, kwa ndoo ya maji au kwa bajaji iliyoegeshwa nje ya geti.

Kosa ninaloliona kwa walimu wengi ni kuanza na mada kwa sababu inapendeza, kisha kuhangaika kutafuta umahiri wa kuibandikia. Anza na muhtasari wa mtaala. Andika unachotaka mtoto aweze kufanya ifikapo Ijumaa, ndipo uchague mada itakayokubeba. Mkaguzi akija, andalio lako litajieleza lenyewe.

3. Mada moja ikae kwa muda gani?

Wiki moja, mbili zikizidi. Vipindi vyetu ni vya dakika 20, kwa hiyo wiki moja ni ndefu kuliko unavyodhani. Watoto wakiendelea kuizungumzia mada wenyewe wakati wa uji, iongezee siku. Wakiacha kuuliza, funga.

4. Nachaguaje mada?

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu mada ikichaguliwa vibaya, manila na rangi zote za duniani haziwezi kuiokoa.

Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha mada ya matunda kwa chati niliyoinunua mjini. Chati nzuri, inang'aa. Nikaonyesha picha ya chungwa na kuuliza, "Hili ni tunda gani?" Darasa zima kimya. Muheza, wilaya ya machungwa, watoto wanaokulia chini ya michungwa, kimya! Mwishowe msichana mmoja akanyoosha kidole: "Mwalimu, hilo si chungwa. Chungwa ni kijani." Alikuwa sahihi. Machungwa yetu ya joto la pwani huiva yakiwa bado na ganda la kijani. Picha kwenye chati ilikuwa ya chungwa la nchi za baridi. Wiki ileile tulipofika kwenye rangi, mvulana mwingine akaniuliza kwa nini rangi ya chungwa haifanani na chungwa. Tulikata moja tukaangalia ndani, tukakubaliana kwamba hata ndani ni njano tu.

Tangu siku hiyo kanuni yangu ni moja: mada itoke mahali ambapo mtoto anaweza kuigusa, kuinusa au kuisikia wiki hiyohiyo. Tazama nje ya dirisha na uangalie kalenda ya mvua. Kati ya Machi na Mei masika yanapiga, basi fundisha mvua, vyura, matope, mbegu na kunawa. Katikati ya mwaka baridi kidogo inaingia na machungwa yanajaa barabarani, basi fundisha matunda na soko. Vuli ikianza Oktoba, fundisha kupanda tena, na uwaache walinganishe na walivyopanda Machi. Mwaka unapoisha maembe yanaanguka yenyewe uwanjani, huna haja hata ya kuyanunua.

Aliyeko Mwanza atachagua samaki na mitumbwi, aliyeko Arusha mjini daladala na kituo cha mabasi, aliyeko Njombe viazi na baridi. Mwalimu anayefundisha theluji huku bati linawaka jua la Januari anajipa kazi bure. Theluji ina siku yake, watoto wakiiuliza.

5. "Mwalimu, mwanangu anarudi na vumbi, daftari tupu. Kweli anasoma?"

Anasoma, mzazi wangu, na swali lako ni la haki. Serikali inataka mtoto wa miaka mitano apate mwaka mmoja wa awali kabla ya darasa la kwanza. Kazi ya mwaka huo ni kuandaa masikio, vidole, ulimi na hamu. Mtoto aliyefinyanga udongo, akasuka ukindu na kuokota mbegu kwa vidole viwili atashika penseli bila kuumia mkono. Mtoto aliyepanga nyanya mafungu matano matano ameshaanza kuzidisha kabla hajalijua neno lenyewe.

Badala ya kufungua daftari jioni, muulize, "Leo mlifanya nini na machungwa?" Akikueleza kwa mpangilio, kwanza hiki halafu kile, umepata ripoti. Jinsi mimi mwenyewe ninavyompima nimeeleza katika swali la 11.

## Ndani ya darasa

6. Nipe mfano wa wiki moja, siku kwa siku.

Hii ndiyo wiki yangu ya machungwa, kama ninavyoifanya sasa.

Jumatatu tunaanzia kwenye mkeka. Machungwa yamefunikwa kwa khanga. Mtoto anaingiza mkono bila kuangalia, anapapasa, ananusa vidole, halafu anataja. Tunakusanya maneno: ganda, mbegu, maji, uchachu, utamu, laini, gumu. Natega kitendawili cha yai, "Nyumba yangu haina mlango," watoto wanakitegua, kisha nawaomba watunge chao cha chungwa. Mwaka jana kikundi kimoja kilitunga hiki: "Chumba changu kina watoto kumi wamekumbatiana." Sikuwasaidia hata neno moja.

Jumanne ni hesabu. Kila kikundi kinapata chungwa moja lililomenywa, kinalifungua na kuhesabu vipande. Mengi yana kama kumi. Yakitofautiana, hapo ndipo penye mazungumzo: nani ana vingi, vimezidi kwa vingapi? Mbegu tunazihesabu pia, tunazipanga kwa mistari juu ya mfuniko wa ndoo.

Jumatano ni soko. Hii siku naipenda kuliko zote. Watoto wanajenga genge kwa maboksi, fedha ni vizibo vya soda, na bidhaa ni machungwa, nyanya na vitunguu tulivyoazima kwa wazazi. Sifundishi jinsi ya kuuza, maana wanajua. Nilimtazama mvulana mmoja, ambaye ubaoni hesabu zilikuwa zinamtoa jasho, akipanga mafungu ya nyanya: tatu kubwa chini, moja ndogo juu, fungu baada ya fungu, zote sawasawa. Mteja wake akanyanyua ya juu, akachungulia, akamwambia, "Umeficha mbovu chini, baba. Nipe nyongeza." Akampa nyongeza. Halafu akakaa akihesabu kimyakimya zilizobaki, akagundua kwamba fungu la mwisho limepungua moja. Kutoa ambako nilikuwa nimekuhangaikia wiki mbili kulifika kwenyewe juu ya gunia.

Alhamisi ni afya na mazingira. Tunanawa kwenye kibuyu chirizi, tunakamua maji ya machungwa (kisu kinashikwa na mwalimu peke yake), tunakunywa, na maganda tunayapeleka kwenye shimo la mboji. Tunapanda mbegu kwenye makopo. Angalizo: mbegu ya chungwa huchukua wiki kadhaa kuchipua, na watoto hukata tamaa wakaanza kufukua. Panda maharage kwenye kopo la pembeni, yatawapa kitu cha kuchungulia ndani ya siku chache.

Ijumaa ni sanaa na mgeni. Babu wa mmoja wa watoto, mkulima, alikuja akatuonyesha anavyopandikiza mche wa chungwa juu ya shina la limau. Alizungumza dakika kumi, watoto wakauliza kwa nusu saa.

7. Nina watoto zaidi ya 80. Kona za kujifunzia nitaziweka wapi?

Uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na sote tunajua hali ilivyo tangu ada zilipoondolewa Januari 2016 na watoto wakaja kwa wingi. Ni jambo jema kwamba wamekuja. Lakini chumba ni kilekile.

Mimi niliacha kufikiria kona kama mahali. Kona yangu ni beseni. Nina mabeseni sita: la duka, la vitabu na picha, la kuhesabia, la udongo, la kupikapika na kuigiza nyumbani, na la kuchunguza vitu. Asubuhi kila kikundi kinachukua beseni na kwenda nalo kwenye mkeka wake, mengine ndani, mengine chini ya mwembe. Nikipiga ngoma mara tatu vitu vinarudi ndani na mabeseni yanazunguka. Mwanzoni ni vurugu, sitakuficha. Inachukua karibu mwezi watoto kuzoea, na ni mwezi wa kuvumilia.

Ukiwa na mzazi mmoja wa kujitolea hata kwa saa moja, mweke nje kwenye udongo na maji, kwa sababu hapo ndipo panapohitaji macho.

8. Sina fedha ya zana.

Hata mimi sina. Nina viroba vya unga vilivyooshwa, ambavyo nikivipasua vinakuwa chati ndefu isiyochanika wala kuharibiwa na mvua. Nina vizibo vya soda, vigunzi vya mahindi, vifuu, makopo na mabaki ya vitambaa kutoka kwa fundi cherehani. Gundi napika kwa unga wa muhogo. Brashi ni kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha, au kipande cha mkonge kilichopondwa, na hapa Tanga mkonge haununuliwi. Rangi natoa kwenye manjano ya jikoni, mkaa uliosagwa, majani ya mchicha na choya. Udongo wa mfinyanzi tunauchimba mtoni na kuuhifadhi ndani ya mfuko uliofungwa, ukiwa na maji kidogo.

Nunua mkasi mzuri mmoja. Mikasi ya bei rahisi haikati, na mtoto anadhani yeye ndiye hawezi.

9. Vitu gani nisiweke darasani?

Maharage, choroko na shanga ndogo huishia puani na masikioni. Kama lazima uzitumie kuhesabia, ziwe mbele ya macho yako na uzihesabu zikirudi. Usiruhusu mbegu za mnyonyo, mbono kaburi, wala zile mbegu nyekundu zinazong'aa zenye doa jeusi. Ni nzuri kwa macho na zote ni sumu. Betri za redio na saa pia, hasa zile ndogo za duara. Kwenye sherehe, mabaki ya puto lililopasuka yaokotwe mara moja, kwa sababu mtoto huyatia mdomoni na yanaweza kumziba koo. Mishumaa iachwe.

Kabla ya shughuli yoyote ya kula, uliza wazazi nani ana mzio. Na kabla ya michezo ya maji jua ni nani ana selimundu, maana baridi inaweza kumletea maumivu makali. Mtoto huyo hatengwi, anapewa maji ya vuguvugu na nguo kavu mapema.

10. Watoto wanaongea Kisambaa, Kibondei au Kidigo nyumbani. Nifanyeje?

Pokea neno analokuja nalo. Mtoto akitaja kitu kwa Kibondei, rudia neno lake, kisha sema la Kiswahili, na yote mawili yapigiwe makofi. Mada inasaidia sana hapa, kwa sababu kitu chenyewe kipo mkononi: hata asiyeelewa neno anaelewa chungwa. Kufikia wiki ya tatu ya Februari wengi wanachanganya lugha bila woga. Usimcheke wala usimwache mwenzake amcheke.

11. Nitajuaje wamejifunza bila mtihani?

Nina daftari lenye ukurasa mmoja kwa kila mtoto. Kila siku nachagua watoto watano au sita na kuandika jambo moja nililoliona: "amehesabu vipande hadi 8 akaruka 7", "amempa mwenzake zamu bila kuambiwa". Kwa mwendo huo hata darasa kubwa linazungukwa ndani ya wiki tatu. Mzazi akija nina cha kumwambia, tena kinachomhusu mtoto wake peke yake.

## Sherehe

12. Tusherehekee siku zipi?

Chache. Sherehe inapaswa kuwa kilele cha mada, kwa hiyo ukiwa na sherehe kila wiki huna mada tena, una maandalizi. Nazo tarehe nyingi kubwa huangukia likizo: Uhuru, tarehe 9 Desemba, mara nyingi tumeshafunga.

Ninazozitumia kweli ni nne. Ya kwanza ni Muungano, tarehe 26 Aprili. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar, na picha ya tukio hilo mtoto anaielewa bila maelezo marefu. Kila mtoto analeta udongo wa nyumbani kwao kwenye kifuniko: mwekundu wa mlimani, mweusi wa bondeni, mchanga. Tunaumimina kwenye beseni moja, tunachanganya, halafu nawaomba wautenganishe tena. Wanajaribu kwa bidii kweli. Hatimaye tunapanda mche ndani yake.

Ya pili ni Nane Nane. Maonesho ya kanda yetu hufanyika Morogoro, na siwezi kuwapeleka watoto huko, basi tunafanya yetu uwanjani: kila kikundi kinaonyesha kitu kimoja cha shambani na kukieleza kwa wazazi. Ya tatu ni Siku ya Kunawa Mikono, tarehe 15 Oktoba, siku moja baada ya kumbukumbu ya Nyerere, hivyo wiki hiyo inajaa yenyewe. Ya nne ni Siku ya Mtoto wa Afrika, tazama swali linalofuata.

13. Siku ya Mtoto wa Afrika: nitawaelezaje watoto wadogo hivi mambo ya Soweto?

Kwa ukweli, lakini kwa kipimo. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, lugha ya makaburu waliotawala, na polisi wakawapiga risasi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaiweka siku hiyo mwaka 1990, na ilianza kuadhimishwa 1991.

Mimi huwaambia hivi: "Zamani, nchi ya mbali, watoto walilazimishwa kusoma kwa lugha wasiyoitaka. Wakatoka barabarani kusema hapana. Watu wakubwa waliokuwa na nguvu wakawaumiza. Leo tunawakumbuka." Hapo naacha. Mtoto akiuliza kama walikufa, najibu ndiyo, wengine walikufa. Sionyeshi picha.

Baada ya hapo tunafanya kilicho karibu nao: kila mtoto anasema jambo moja analotaka watu wazima wamsikilize. Mmoja alisema, "Nataka baba aninyanyue kama anavyomnyanyua mdogo wangu." Naandika kila neno na kulitundika mlangoni, wazazi wanasoma wakija kuchukua watoto. Tarehe hiyo mara nyingi inakuta tumefunga, kwa hiyo tunaifanya wiki ya mwisho kabla ya likizo. Hakuna anayepungukiwa.

14. Darasa lina Waislamu na Wakristo. Idd na Krismasi tufanyeje?

Tunazizungumza zote, hatuswali wala kusali ya mtu. Nazingatia yanayoonekana na kuonjwa: Idd inasubiri mwezi kuandama, kwa hiyo tunachora mwezi kila Jumatatu tukaona unavyonenepa na kukonda. Watoto wa Kiislamu wanaeleza nguo mpya, pilau na kwenda kusalimia. Krismasi huwa tumeshafunga, basi Novemba wenzao wanaeleza ya kwao. Anayeeleza ni mtoto mwenyewe, mimi naongoza zamu tu.

Zipo pia familia ambazo haziadhimishi baadhi ya siku, hata ya kuzaliwa, kwa imani yao. Waulize mapema, uwaheshimu. Mtoto wao apewe kazi ya kweli siku hiyo, kama kugawa uji au kupiga ngoma ya kuzungusha mabeseni, asiachwe nje akichungulia dirishani.

15. Mzazi anataka kuleta keki ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe.

Hapana, na nasema hivyo kwa upendo. Mmoja akiletewa keki ya ghorofa mbili, wenzake kadhaa wanarudi nyumbani na swali ambalo mama zao hawawezi kulijibu. Kwetu watoto waliozaliwa mwezi mmoja wanasherehekewa pamoja Ijumaa ya mwisho: wanavaa mataji ya majani waliyotengenezewa na wenzao, tunawaimbia, na kila mmoja anaruka mara nyingi kama miaka yake huku darasa likihesabu. Mzazi mwenye uwezo anakaribishwa kuchangia ndizi au karanga za darasa zima, baada ya kuangalia swali la 9 kuhusu mzio, na jina lake halitangazwi.

16. Mahafali ya awali: joho ni lazima?

Si lazima. Hakuna mtaala unaodai joho.

Niliwahi kufundisha shule moja ambako mchango wa mahafali ulikuwa shilingi 30,000: joho la kukodi, picha, keki na muziki. Msichana mmoja hakulipiwa. Alikuwa ndiye aliyekariri shairi la kufunga, miezi miwili tukimtayarisha. Siku ile alikuja na sare yake imepigwa pasi, nywele zimesukwa upya, akaambiwa akae nyuma kwa sababu ataharibu mstari. Shairi likasomwa na mwingine. Niliona midomo yake inatembea na kila beti, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Sikusimama kumtetea, nilikuwa mgeni pale, na kwa hilo bado najilaumu.

Sasa mahafali yetu hayana kiingilio. Watoto wanavaa sare na kofia walizobandika wenyewe kwa maboksi na gundi ya muhogo. Kila mmoja anamshika mzazi au mlezi mkono, anampeleka kwenye beseni analolipenda na kumwonyesha anachoweza kukifanya. Wimbo mmoja, uji, tunaondoka. Kama kamati ya shule inasisitiza michango, waulize swali moja tu kwenye kikao: asiyelipa atakaa wapi? Liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

## Mambo ya pembeni

17. Mtoto analia ngoma zikianza.

Mwache mbali kidogo, na mtu anayemwamini. Mpe kazi ya mikono, na umwonyeshe ngoma siku moja kabla, kimya, aiguse na kuipiga kwa kidole chake. Usimburute katikati ya duara ili azoee.

18. Nina mtoto mwenye ulemavu. Shughuli za mada zitamfaa?

Mara nyingi zinamfaa kuliko ubao. Asiyeona anashika, ananusa na kuonja, na Jumatatu ya machungwa ni yake kabisa. Asiyesikia anafuata vitu na ishara, kwa hiyo badala ya ngoma tumia pia kitambaa cha rangi kinachopeperushwa. Anayetembea kwa shida asiwe mtazamaji wa genge, awe ndiye mwenye genge, wateja wamfuate. Na mbele ya wageni asitolewe kama maonyesho ya huruma.

19. Siku ya Mama imefika, na wapo wasio na mama.

Tunaiita siku ya anayenilea. Mtoto anamchora anayempikia uji na kumfunga vifungo asubuhi: mama, bibi, shangazi, kaka mkubwa. Aliyefiwa akitaka kumchora mama yake aliyefariki, achore. Mmoja alimchora mama yake juu ya wingu na bibi yake chini, akawaunganisha kwa mstari mrefu wa mkaa.

20. Naweza kuweka picha za sherehe kwenye WhatsApp?

Kwa idhini ya mzazi tu, iliyoandikwa mwanzo wa mwaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamhusu mtoto pia. Mimi napiga picha za mikono na kazi zao, sura zikiwa nje ya fremu. Yupo mtoto ambaye familia yake ina sababu za kutotaka ajulikane anaposoma, na huwezi kumjua kwa kumwangalia.

21. Mvua inapiga bati, hawanisikii. Kipindi kimekufa?

Kimebadilika tu. Acha kushindana na bati. Watoto wafumbe macho, wainue mikono mvua ikizidi, waishushe ikipungua. Waigize kwa vidole kwenye madawati, kisha viganja, kisha miguu. Weka kopo nje kwenye uwazi, na mvua ikikatika mkapime kwa kijiti maji yamefika wapi, mkaweka alama kwa mkaa. Kijiti hicho kisitupwe. Ukutani kwangu viko vijiti vya masika ya mwaka huu, kila kimoja na siku yake, na asubuhi watoto wanavikuta kabla hawajanisalimia.